Waahidi Kahawa, Usiwaahidi Dubu

Jumapili, 27 Aprili

Amefika. Simu imeita asubuhi, nikiwa najifunga kanga nitoke kuangalia tenki kama maji yametoka. Faraji, uso umejaa kwenye kioo, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake mlima, na juu ya mlima theluji. Mume wangu mie, mpishi wa Bunju, yuko Alaska kwenye kambi ya watu wanaowinda dubu!

Mama mkwe kaichukua simu. Kamuuliza mwanawe kama amekula. Kisha kama kuna msikiti. Faraji kasema huko hakuna hata barabara, wameletwa na kindege kidogo kikatua kwenye changarawe kando ya mto. Mama akanirudishia simu, akaenda kukaa barazani, katupa mgongo. Sikumfuata.

Nusaiba alitaka aonyeshwe dubu. Baba yake kamwambia hawajatoka bado, ndio kwanza wanaamka, walilala msimu mzima wa baridi. Mtoto akaniuliza, kwa hiyo dubu wakilala, baba analala nyumbani? Nikamwambia ndiyo. Kisha nikatoka kuangalia tenki.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Njia yote ya kwenda barabarani ni tope, bodaboda wanakataa kuingia. Nusaiba hajaenda shule.

Na mie leo nimeanza kazi. Mzee Allen, mwenye kambi, alikuja huku miaka mitatu mfululizo kuwinda nyati kule kusini, kwenye kambi aliyokuwa anapika Faraji. Walizoeana. Mwaka jana mke wake akafariki. Yule mama ndiye aliyekuwa akiendesha jiko na kuwajibu wageni. Basi mzee akampigia Faraji: njoo unipikie msimu mmoja, wa masika ya kwao. Alipojua mie nilikuwaga mapokezi hoteli moja Msasani, na Kiingereza si shida, akasema na mie nimsaidie kujibu wageni, nikiwa hapahapa kwangu.

Amenipigia leo kunielekeza. Anaongea polepole, kama mtu anayepima kila neno. Kasema wageni wote wataandika kwamba wanataka dubu mkubwa. Wote. Nisiwaahidi.

"Waahidi kahawa," kasema. "Usiwaahidi dubu."

Nimecheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 6 Mei

Wawindaji ni watu wa ajabu. Barua ya kwanza ni dubu, dubu, dubu — urefu wake, rangi ya manyoya yake, ngozi itatandikwa wapi. Ukijibu vizuri, barua ya pili inauliza vitanda vikoje. Ya tatu ndiyo inasema kweli. Mmoja anakoroma, anaogopa kuwakera wenzake, je, kuna hema la peke yake? Mwingine anataka mwongozaji asiye na majivuno, maana kambi aliyokwenda mwanzo alikosa shabaha wakamcheka safari nzima. Wanataka soksi zikauke. Wanataka waambiwe ukweli kama mnyama yupo au hayupo. Kuna aliyeuliza kama ataruhusiwa kukaa tu asubuhi moja bila kwenda popote, na kama wenzake wataona ni uvivu.

Nimemjibu kwamba kuna benchi mbele ya jiko, linatazama mto. Nimelijua kwa video ya Faraji. Nimeliandika kama nimelikalia.

Nimempelekea Faraji sauti, kumwambia hayo. Kanirudishia yake jioni: kwamba wanachotaka kweli ni mtu awe macho kabla yao. Watoke kitandani wakute moto umewaka na mtu anasema habari ya asubuhi. Basi.

Nimeisikiliza ile sauti nikiwa nachambua mchele. Nikairudia. Kwangu moto nauwasha mwenyewe.

Jumamosi, 10 Mei

Maandazi yamefika Alaska. Faraji aliondoka na iliki kwenye begi, alizofungiwa na mama kwenye kitambaa. Kakaanga asubuhi, wageni wa kwanza wamegombania. Mzee Allen kala na kahawa, kisha kasema tangu mkewe aondoke hajaamka akakuta kitu cha moto mezani.

Mama mkwe kafurahi, kawaambia majirani wawili na muuza genge. Lakini baadaye kauliza lile analouliza kila siku: nyama ya nguruwe je? Nikamwambia tena. Faraji hagusi. Walikubaliana toka mwanzo. Anayeitaka anajikaangia mwenyewe nje, kwa kikaango chake. Na dubu? Nyama ya dubu Faraji hali, mama, wala haipiki. Kakubali, ila kwa shingo upande.

Swala ya Isha nayo inampa Faraji shida, giza la huko linachelewa sana. Kanituma kwa shehe wetu. Shehe kanieleza vizuri, nikamfikishia. Nikafurahi kuwa na jambo la kumfikishia.

Fulana ya Faraji ya bluu haina tena harufu yake. Inanuka sabuni. Nani kaifua? Mie mwenyewe, kwa mazoea. Ningeiacha.

Alhamisi, 15 Mei

Mgeni anaitwa Fredrick. Anakuja mwishoni mwa wiki, anataka kuja na baba yake. Huyu hajaandika habari ya dubu mkubwa hata barua ya kwanza. Kasema baba yake amewinda maisha yake yote, sasa macho yanakwisha, anaona mwanga na vivuli tu. Hawezi tena kulenga. Lakini anataka kurudi mara moja alipo dubu. Je, tutamchukua mtu asiyeweza kupiga risasi? Na je, anaweza kuomba asionewe huruma?

Nimempigia mzee Allen. Kafikiri, kasema aje, atakaa na Faraji jikoni wengine wakiwa porini.

Nimemwandikia Fredrick: baba yako anakaribishwa, atapewa kazi. Faraji kasema kazi ipo, kumenya viazi hakuhitaji macho.

Halafu leo nimegundua kitu. Faraji akiongea anasema "sie". Sie tumeamka na ukungu. Sie tumeishiwa unga. Zamani sie ilikuwa sisi — mie, yeye, Nusa na mama. Siku hizi sie ni wao.

Jumatatu, 19 Mei

Hajapiga leo asubuhi. Jana jioni alituma sauti fupi: kuna dubu amezoea kuzunguka jiko, wameona nyayo zake kwenye tope, kubwa kuliko sahani. Kasema nisiogope, mzee Allen ana bunduki karibu. Kuna upepo mkali unasikika nyuma, hema linapigapiga.

Baada ya hapo, kimya. Alama moja ya kijivu kwenye kila ninachotuma.

Jumanne, 20 Mei

Kimya. Mtandao wao ni wa dishi la setilaiti, moja tu. Nimejiambia upepo umelipeperusha. Mama nimemwambia Faraji yuko na kazi nyingi. Kaniangalia, katia udhu akaswali, kakaa kwenye mswala hadi chai ikapoa.

Jumatano, 21 Mei

Leo imekuja barua ya mke wa Fredrick. Hanijui, kapata anwani ya kambi. Anaandika kwa heshima sana: samahani kusumbua ofisi, mume wangu na baba mkwe wangu wako huko, hawajapiga, je, ofisi ina habari?

Ofisi! Ofisi ni mie, meza ya kulia chakula, ndoo chini ya bati linalovuja.

Nikaanza kumjibu kama nilivyofundishwa hotelini. Hali ya hewa wakati mwingine huathiri mawasiliano. Hakuna sababu ya wasiwasi. Nikaisoma, nikaona ni uongo. Nikaifuta. Nikamwandikia: dada, hata mie sijui. Mume wangu ndiye mpishi wa hapo. Nami nasubiri.

Hazikupita dakika nyingi kapiga simu. Sauti nyembamba, imekauka. Kaniuliza niko wapi. Nikamwambia Dar es Salaam. Nikafikiri atakasirika, kwamba kaambiwa kambi iko Alaska, na sasa anaongea na mtu wa Afrika. Kumbe kaniuliza kwangu ni saa ngapi na kama nimelala.

Kanieleza mumewe huondoka kila mwaka, vipindi vya mawindo, na kila akirudi anakuwa mpole wiki nzima, kama mtu aliyeoshwa. Kisha upole unaisha. Kasema yeye anautamani upole ule kuliko ngozi zote zilizo ukutani. Aliwahi kumuuliza, huko unapata nini ambacho hapa hakipo? Mumewe akaenda kusafisha bunduki.

Nikamwambia yale niliyoyasoma kwenye barua za wageni. Kwamba wanataka mtu awe macho kabla yao, moto uwe umewaka. Kaniambia, "Mie nimekuwa macho kabla yake miaka ishirini."

Hapo wote wawili tulicheka, sijui kicheko gani. Tumeahidiana atakayepata habari kwanza ampigie mwenzake, saa yoyote.

Alhamisi, 22 Mei

Nimempigia rubani wa kile kindege, namba aliniachia mzee Allen. Kasema ukungu umeziba bonde lote, hawezi kutua, atajaribu ukifunguka. Kanisihi nisiwaze mabaya. Nimewaza yote.

Mama mkwe ndiye aliyeniuliza leo wazi. Nilikuwa napika, nimeunguza vitunguu.

"Zuena mwanangu, unanificha nini wakati mie ndiye niliyemzaa?"

Nikamwambia kila kitu. Dubu, nyayo, ukungu. Kakaa kwenye kigoda, kasema baba yake Faraji alikuwa anasafiri na malori, na yeye alikuwa akisikiliza kila lori linalopita. Halafu kainuka, kachukua mwiko, kapika yeye. Ugali na dagaa. Tumekula watatu sinia moja, Nusaiba katikati, hana habari.

Jumapili, 25 Mei

Wazima. Alhamdulillahi, wazima wote!

Rubani ametua jana jioni ya kwao na dishi jipya. Faraji kapiga leo asubuhi. Nimepiga ukelele mpaka jirani kachungulia ukutani. Nimempa mama azungumze kwanza. Simu imeanguka kwenye zulia mara mbili.

Ilikuwa hivi. Siku ile ya upepo, Fredrick na mzee Allen walikuwa bondeni na waongozaji. Kambini wamebaki Faraji na yule mzee asiyeona, wanamenya viazi, mafuta yanachemka jikoni. Yule mzee akaacha kumenya. Kasema kwa sauti ya chini, yupo, ananuka. Faraji hakunusa kitu. Kisha turubai la jiko likajaa, kama mtu anaegemea kwa bega. Dubu akachana upande wa ghala, akavuta gunia la unga, akakanyaga nguzo ya dishi ikalala chini. Faraji kashika sufuria kubwa na mwiko apige kelele. Mzee akamkamata mkono. Kamwambia bado. Akaanza kuongea na yule dubu, polepole, kama mtu anayemwambia mgeni kuwa nyumba ina wenyewe. Faraji kasema alimsikia akipumua — upande wa pili wa kitambaa, umbali wa upana wa meza tu. Kisha mzee kasema sasa. Faraji akaipiga ile sufuria mpaka mwiko ukavunjika. Dubu akaondoka zake, kabeba gunia.

Yule mzee alikuwa analia na kucheka. Kamwambia Faraji hicho ndicho alichokuja kukitafuta. Hataki kingine. Fredrick aliporudi kawakuta wawili wamekaa sakafuni kwenye unga.

Nimemsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anasimulia kwa furaha! Macho yanawaka. Sijamwona na macho yale tangu — sijui tangu lini. Mie siku zote hizo nilikuwa nimekufa huku. Nikataka kumgombeza. Badala yake nikamuuliza kama mkono umeumia. Kanionyesha, umevimba kidogo.

Nilimpigia mke wa Fredrick hapohapo. Alikuwa keshapata habari, alikuwa anatafuta namba yangu. Tulilia kidogo, tukaagana kama ndugu.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Nusaiba gauni la kijani, hina mpaka kwenye viwiko. Mama kapika pilau ya watu ishirini, tuko watatu na majirani. Baadaye tumekwenda Msasani kwa dada zangu. Kila anayeniona: shemeji yetu anarudi lini? Kazi ya midomo yangu leo ilikuwa kusema karibuni, karibuni.

Faraji kaswali peke yake kando ya mto, na kanzu juu ya suruali mbili. Katutumia video aliyopigwa na mwongozaji mmoja. Kwa nyuma anaonekana mzee Allen kakaa kwenye benchi, kavua kofia, kaiweka gotini hadi Faraji alipotoa salamu. Mama mkwe kaitazama ile video sana. Kasema yule mzee ana adabu, ila anamtazama mwanangu kama mtu anayetaka kumbakiza.

Nikamwambia mama, acha hayo, leo Idi.

Jumanne, 10 Juni

Mama alikuwa sahihi.

Faraji kapiga, na toka salamu nikajua kuna neno. Kaniuliza habari za bati linalovuja. Kaniuliza habari za bati hilohilo mara ya pili. Kisha kasema msimu unafungwa wiki hii, na mzee Allen anaomba abaki, wakarabati kambi kiangazi chote, aingie msimu wa Septemba. Fredrick ameshasema atakuja tena na baba yake, kama Faraji yupo. Wageni wengine watatu wamesema hivyo hivyo. Mzee anazeeka, hana mtoto. Kamwambia jiko lile ni la Faraji miaka yote atakayotaka.

Nikamuuliza, "Wewe umemjibu nini?"

"Nimemwambia nitamuuliza mama Nusa."

"Usiniulize mie, Faraji. Mie si ofisi ya kutoa ruhusa. Niambie unataka nini."

Mtandao haukukatika, niliuona mvuke wa pumzi yake. Watu walikuwa wanacheka nyuma, mtu anagonga kikombe.

"Nataka vyote viwili, Zuu," kasema. "Nikiwa huku nawataka nyie mpaka kifua kinauma. Na najua nikifika huko nitautaka mto huu."

Afadhali angenidanganya. Lakini nimekaa nikiwajibu watu wale majuma yote haya, najua mtu anaposema kweli, ile ya barua ya tatu.

Ningeweza kumwambia baki. Ningeweza kulia, angerudi kesho. Na kuna la tatu ambalo sikulisema, wala yeye hakuliuliza, wala mzee Allen: kwamba na mie ile kambi naijua sasa, najua kitanda kipi kinalalika vizuri na mgeni gani anataka chai badala ya kahawa. Kwamba nami nilishaanza kuona ukungu ule nikifumba macho. Hakuna aliyeniuliza mie nataka nini.

Nikamwambia, "Njoo uniambie haya ukiwa umekaa hapa. Mengine tutayasema hapa, na mie nina yangu."

Kasema sawa. Kasema, "Una yapi?"

Nikamwambia, njoo.

Jumatatu, 16 Juni

Uwanja wa ndege. Tumekuja mapema mno, mama mkwe hakutaka kusikia habari za foleni. Yuko pembeni yangu na buibui jipya, mkoba magotini. Nusaiba anahesabu masanduku ya watu.

Mzee Allen kanitumia ujumbe asubuhi. Kasema kambi imefungwa, jiko limefunikwa turubai, na benchi ameliacha nje. Hakuuliza kuhusu Septemba. Kamwombea Faraji safari njema, kanisalimia mie kwa jina. Nimeusoma ujumbe huo kwenye bajaji, nikamwonea huruma, na nikamwogopa, vyote pamoja.

Nimevaa dera la zambarau. Jana nimesukwa. Dada zangu wamenicheka, wamesema utafikiri bibi harusi. Waache wacheke. Nimeyapanga maneno yangu tangu Jumanne, nikiosha vyombo, nikimchana Nusa nywele. Yote yamepotea. Limebaki moja tu, tena dogo, siwezi hata kuliandika.

Ndege imetua, ubao unasema. Mama ananong'ona dua.

Wameanza kutoka. Wazungu na mabegi ya mgongoni. Mama mmoja na watoto. Kijana anapokelewa na ukoo mzima, vigelegele. Naandika huku nimesimama, kitabu nimekiegemeza kwenye chuma.

Ndiye. Kakonda. Ndevu! Amevaa koti la kambini, lile zito, kalifunga mpaka shingoni. Joto lote hili la Dar, na hajalivua.

Nusaiba hajamwona, anaangalia masanduku. Mama naye macho hayafiki mbali. Nimemwona mie peke yangu. Kasimama, anageuka huku na huku, anatutafuta kwenye watu. Ningenyanyua mkono tu angeniona. Sijanyanyua. Kwanza nimwone anavyonitafuta —